Masingo wapya Hamburg: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu mitaa, mitoko na mapenzi

Kila mwezi lazima nipigiwe simu na mtu, katoka Dar, katoka Nairobi, saa ingine katoka Oman kikazi, amefika Hamburg ana wiki tatu na maswali ni yaleyale. Nimechoka kurekodi voisi za dakika nane kwa kila mtu, kwa iyo nayaandika hapa mara moja. Mi niko huku tangu 2016, kazi yangu ni uuguzi, nimedeti Wajerumani, nimedeti Wabongo, nimelia kwenye treni, nimecheka kwenye treni. Sio mtaalamu, nina miaka tu.

Hivi Hamburg kuna maisha kweli? Kila mtu anasema niende Berlin

Berlin kuna kelele zaidi, sikatai, na Kiingereza utakiongea kila kona mpaka usahau uko Ujerumani. Hamburg ina watu karibu milioni 1.9 na ni mji wa bandari, wamezoea meli na wageni, ila kukuzoea wewe hawana haraka. Salamu yao ni "Moin", asubuhi Moin, mchana Moin, saa sita usiku Moin, na wapo wanaokwambia ukisema "Moin Moin" umeshakuwa mpiga domo. Wajerumani wa kusini wenyewe wanawatania hawa kwamba wana ubaridi wa upepo wao.

Sasa usichanganye ukimya na roho mbaya. Mi nilijiunga na watu wa voliboli pale Stadtpark, wanacheza kwenye ule uwanja mkubwa wa majani unaitwa Festwiese, wiki ya kwanza nilipewa mpira, wiki ya pili mpira, ya tatu mpira, ya nne ndo dada mmoja akaniuliza jina. Ya tano akaniletea keki. Mpaka leo ndo shoga yangu mkubwa huku, na kupitia yeye nimekutana na watu kuliko apu zote nilizowahi kudaunlodi. Hilo ndo ninalomwambia kila anayenipigia: tafuta sehemu moja uende kila wiki, siku ileile, saa ileile, hata kama mara tatu za kwanza unarudi nyumbani umenuna.

Nipange mtaa gani ili nikutane na watu?

Kwanza ujue kupata chumba Hamburg ni vita, kwa iyo mtu asikudanganye kwamba utachagua mtaa kama unachagua kitenge. Ukipata chumba Barmbek au Hamm kwa bei nzuri chukua, usikatae eti unataka Schanze, mtaa wa bata ambao kila mtu anautaja. Treni ya U3 inazunguka mji, inapita Barmbek, Sternschanze, Feldstraße, St. Pauli, Landungsbrücken mpaka stesheni kuu, na usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili treni zinatembea usiku kucha. Bata unaweza kula mbali na kwako.

Ushauri wangu kwa singo ni chumba cha WG, yaani mnachangia nyumba watu watatu wanne, kila mtu na chumba chake, jiko moja. Watakufanyia usaili kama wa kazi, watakuuliza unaosha vyombo saa ngapi, vumilia tu. Mwaka wangu wa kwanza watu wote niliowajua walitokea kwenye lile jiko, maana kila mwenzako ana marafiki zake na pati za huku zinafanyikia jikoni. Sebuleni wamekaa watu wawili, jikoni wamebanana kumi na tano.

Schanze ndo wapi, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Sternschanze, kwa kifupi Schanze. Ukishuka stesheni unafuata watu tu mpaka mtaa unaitwa Schulterblatt. Utaona jengo limejaa grafiti na mabango, Rote Flora, zamani lilikuwa teata na wanaharakati wamelikalia tangu 1989. Ng'ambo yake kuna vimgahawa vya Kireno na meza nje, watu wanapaita Piazza, pale agiza galão, kahawa ya maziwa kwenye glasi, Hamburg wanaipenda utadhani wameivumbua wao.

Ila kitu chenyewe cha Schanze ni "cornern". Unaingia kioski, unachukua bia yako au soda, unasimama nje kwenye kona na wenzako, basi, hiyo ndo pati. Kunywa mtaani kwa sehemu kubwa sio kosa huku. Jua la Juni linazama karibu saa nne usiku, so fikiria watu mia mbili wamekaa kwenye ngazi na ukingo wa barabara, hakuna kiingilio, hakuna muziki wa kukuziba masikio, mtu anakuomba kiberiti mnaanza kuongea. Kwa Hamburg hapo ndo pagumu pamekuwa rahisi. Chupa ukimaliza usitupe, iweke pembeni ya pipa, kuna wazee na vijana wanazikusanya wakarudishiwe ile hela ya chupa dukani.

Wakazi wa pale kelele zimewachosha na wana haki, watu wanalala na wana watoto, kwa iyo usiku ukikomaa punguza sauti. Umri ni kama miaka 20 mpaka 35. Mi nimevuka hapo kidogo, bado naenda ila narudi mapema.

Karibu na hapo kuna Karoviertel, mtaa mdogo, Marktstraße ina maduka ya nguo za mtumba za bei ambayo ukiisikia utakumbuka soko la Karume kwa machozi. Jumamosi kuna gulio la vitu vya zamani pale machinjio ya zamani karibu na Feldstraße. Na lile jengo kubwa la zege la vita, bunker, limepandwa miti mpaka juu na tangu 2024 unapanda bure kuangalia mji. Mtoko mzuri sana wa kuanzia, mnapanda mnazungumza, mkiboana mnashuka.

Reeperbahn vipi? Rafiki zangu wanasema ndo huko huko

Reeperbahn, ile barabara ya baa na klabu pale St. Pauli, nenda, uone, upige picha. Beatles walianzia maisha pale Große Freiheit mwaka 1960, na vibaa vya Hamburger Berg vina raha yake, vidogo, vya bei ya kawaida, mnacheza mmebanana. Lakini kumbuka wikiendi nusu ya watu pale ni watalii na makundi ya wanaume wanaomuaga bwana harusi mtarajiwa, wamevaa tisheti zinazofanana na wamelewa toka saa kumi jioni. Mtu utakayekutana naye pale kesho anapanda treni anarudi kwao.

Kaka zangu nawaambia wazi, mtaa huu una biashara ya ngono ya halali. Dada akikushika mkono pale njiani ni kazi yake, hujatongozwa. Na baa yoyote ambayo bei hazijaandikwa, usikae. Kuna uchochoro unaitwa Herbertstraße umezibwa na mageti ya chuma, walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, na sisi wanawake hatutakiwi kupita, usijaribu ujanja. Silaha ni marufuku eneo lile, hata kisu cha matunda kwenye mkoba kiache nyumbani.

Mi napenda Reeperbahn Jumapili alfajiri. Watu wanatoka klabu wanashuka mpaka Fischmarkt, soko la samaki, kiangazi linafunguka saa kumi na moja asubuhi. Kuna waliokesha na kuna wazee wameamka kununua samaki, wote wamesimama na mkate wa samaki mkononi, na wauzaji wanapiga kelele za kunadi ndizi kama wako Kariakoo. Mara yangu ya kwanza pale nilikumbuka nyumbani mpaka nikanunua kikapu kizima cha matunda ambacho sikuwa na uwezo wa kukibeba.

Mimi nina miaka 38, mambo ya kusimama kwenye kona siwezi

Nenda Ottensen, upande wa Altona. Altona ulikuwa mji wake wenyewe, umetawaliwa na Wadenishi mpaka 1864 na ukaunganishwa na Hamburg 1937 tu, na wenyeji bado wanajisikia kivyao. Alma-Wartenberg-Platz jioni kunajaa watu wazima wanaokunywa taratibu, kuna Fabrik, kiwanda cha zamani kilichogeuzwa ukumbi wa muziki tangu 1971, jazi, rege, muziki wa Kiafrika unapita sana. Af kuna Altonaer Balkon, kilima kinachoangalia bandari, wazee wanacheza mchezo wa kurusha mipira ya chuma kwenye mchanga, ukisimama kuangalia dakika kumi lazima mmoja akuulize kama unataka kujaribu. Nimewaona wawili wameoana kutokana na ile mipira, sitanii.

Winterhude, Eppendorf, Eimsbüttel?

Eppendorf ni vigari vya watoto na mbwa wenye makoti. Winterhude kuzuri, kuna mifereji ya kupiga kasia na Stadtpark iko hapo, ila kodi utalia. Eimsbüttel, hasa Osterstraße, ndo ningeishi mimi kama ningepata, watu wengi wa miaka thelathini na kitu, vigenge vya kahawa, kila mtu anatembea kwa miguu. Karibu yake kuna chuo kikuu na sinema ya Abaton inayoonyesha filamu kwa lugha yake ya asili na maandishi chini.

HafenCity?

Mtaa mpya wa bandarini. Majengo mazuri. Upepo. Piga picha ya Elbphilharmonie, ule ukumbi wa muziki, urudi.

Wilhelmsburg mbona wanaiponda?

Wanaoiponda wengi hawajafika. Ni kisiwa katikati ya mto Elbe, S-Bahn, treni ya mji, inakufikisha haraka toka stesheni kuu, wahamiaji wengi, Waturuki, Wareno, Waafrika. Sehemu ya Reiherstieg, pale Veringstraße na Stübenplatz, siku hizi wanafunzi na wasanii wamejaa na kodi imeanza kupanda kwa ajili yao. Kwa singo anayependa watu mchanganyiko na asiyetaka kuwa Mweusi peke yake kwenye kila meza, mi napapenda kuliko Schanze.

Kwa wanaopenda watu wa jinsia yao?

St. Georg, nyuma ya stesheni kuu, mtaa wa Lange Reihe. Bendera za upinde wa mvua mgahawa hadi mgahawa, na ndoa za namna hiyo ni halali Ujerumani tangu Oktoba 2017. Kila kiangazi kuna maandamano makubwa ya Pride. Walioniuliza hili wengi waliuliza kwa kunong'ona, huku hakuna haja ya kunong'ona. Mtaa wa pili yake, Steindamm, ndo wa maduka ya Waturuki na Waafghani, na kuna sinema ya Savoy ya filamu za Kiingereza.

Sijui Kijerumani, ntapata mtu?

Utapata, ila utazunguka ndani ya watu walewale, wageni wenzako ambao baada ya miaka miwili mkataba umeisha wamehamia Dublin. Jiandikishe darasa la Volkshochschule, shule ya watu wazima, sio ghali, na darasani kwenyewe kuna masingo wa dunia nzima wamekaa na daftari. Kuna na mambo ya tandem, we unamfundisha mtu Kiswahili yeye anakufundisha Kijerumani.

Hapo usishangae, Hamburg Kiswahili kinafundishwa chuoni tangu enzi za ile taasisi ya kikoloni iliyoanzishwa 1908, na Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010, kwa iyo kuna watu hapa wameenda Dar, wamekaa, wamerudi. Nimewahi kutoka na kaka mmoja mweupe pee akanisahihisha ngeli. Mimi! Nikamwambia basi na mi nikwambie kitu, neno letu "shule" tumelitoa kwenu, akasema anajua.

Mtoko wa kwanza twende wapi?

Wajerumani wengi watakwambia tutembee. Kutembea tu. Usione umedharauliwa, ni kawaida, mnashika kahawa mnazunguka ziwa la Alster, duara zima la ziwa la nje ni kilomita saba na kidogo, so vaa viatu vya maana. Mi nilienda na visigino. Kilomita ya tatu nilikuwa nasema ndio kwa kila kitu ili tupate benchi.

Pendekezo langu ni pantoni namba 62 toka Landungsbrücken. Ndio, pantoni, kama ya Kigamboni ila bila mikokoteni, na tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji inatosha, hulipi zaidi. Mnakaa juu, upepo, meli za makontena zinapita karibu mpaka unasoma majina, mnashuka Övelgönne kuna ufukwe wa mchanga kabisa, watu wamelala, wanachoma nyama, meli kubwa zinapita mbele yao.

Mkishazoeana mpeleke Große Reichenstraße kwenye Afrikahaus. Ni jengo la 1899 la kampuni ya meli ya Woermann, mlangoni kuna sanamu ya shujaa wa Kiafrika na uani kuna tembo. Hela za jengo lile zilitoka kwenye biashara na makoloni, na meli za kampuni ya Hamburg ya laini ya Afrika Mashariki zilianza 1890 kufika Tanga na Dar. Simama naye pale umuulize anaonaje. Majibu niliyowahi kupata ni "oh, tembo wazuri" na kimya kirefu chenye maswali. Wa kimya nilimuona tena.

Nani analipa?

Mhudumu atakuja atauliza "zusammen oder getrennt?", pamoja au mbalimbali. Na usiku wako utajulikana hapo. Mwenzangu wa sasa mara ya kwanza alijibu getrennt bila kupepesa, akalipa kahawa yake, nikalipa yangu. Nilimpigia dada yangu Temeke usiku uleule, akacheka mpaka simu ikakata, "huyo hata ya soda hana?" Nikaapa sirudi.

Nikarudi. Mara ya pili alikuja na baiskeli toka Barmbek, kwenye kikapu ameweka blanketi, chupa ya chai, mkate, jibini, na mayai manne ya kuchemsha kila moja limefungwa na karatasi lisipasuke, na chumvi kaweka kwenye kikopo cha filamu ya kamera ya zamani. Dada yangu hakuelewa yale mayai mpaka leo. Mi nilielewa.

Kaka zangu, ukitaka kulipa lipa, sema "nakukaribisha", ila bili uliyolipa haikupi deni la kudai kitu kwa mtu. Hapana ya mtu huku ni hapana, sheria yenyewe ilirekebishwa 2016 hivyo, na kung'ang'ania kule tunakokuita kusomesha huku unaitiwa polisi.

Nikichelewa nusu saa?

Umeshaachika.

Amesema tuonane wiki mbili zijazo Jumatano saa moja na nusu jioni. Ananikataa?

Hapana, anakupenda! Kafungua kalenda. Anayekukataa anasema "tutaangalia" halafu kimya. Jumatatu ana kwaya, Jumanne anapanda kuta za kukwea, Alhamisi yupo kwa mama yake, na hizo haziguswi. We pia tafuta vya kwako vya kila wiki, utashangaa unavyokuwa mtu wa kuvutia ukiwa na wewe hauna nafasi Jumanne.

Wanaangalia rangi?

Wapo. Kwenye apu kuna wanaume watakaokuandikia "jambo" na picha ya twiga, wameenda Zanzibar mara moja na wanataka kukusimulia wewe kuhusu Zanzibar. Wanaume wetu nao wanapata wamama wanaotaka "Mwafrika" yeyote, jina baadaye. Namna ya kuwajua ni kwamba hawakuulizi kuhusu kazi yako. Na mlangoni kwenye klabu moja, sitaitaja, nimewahi kurudishwa wakati wa mbele yangu na wa nyuma yangu wote wameingia, tulikuwa tumevaa jinzi zilezile. Nililia kidogo, tukaenda kula kebabu. Nenda na kundi lenye wenyeji, na klabu iliyokurudisha usiirudie, miziki iko mingi. Wa Ghana ni wengi sana Hamburg, pati zao hazina mambo hayo na wali wao, haya, tusigombane.

Winta inakuwaje?

Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Kona za Schanze zinakuwa tupu na watu wanapotea mpaka Machi. Ndo maana nasema uwe na kitu cha ndani kabla ya Novemba, dansi, kwaya, jimu, chochote. Afueni ni masoko ya Krismasi, mnasimama na mvinyo wa moto kwenye kikombe chenye dipoziti, mnaongea na wasiowajua kwa sababu baridi imewabananisha. La pale Reeperbahn lina mambo ya watu wazima, usiende na mtoto wa dada.

Tumetoka mara sita, ni wapenzi au sio?

Usisubiri akutamkie, wengi hawatamki. Kijerumani "Freund" ni rafiki na ni mpenzi, neno moja. Tofauti iko kwenye kidude cha mbele: "rafiki mmoja wa kwangu" ni rafiki, "rafiki yangu" ni mpenzi. Kwa iyo sikiliza anavyokutambulisha. Mi yule wa mayai tulienda miezi mitano sijui niko wapi, naona aibu kuuliza. Siku moja Jumamosi tuko foleni ya mkate Osterstraße, yule mama muuzaji amezoea kumuona peke yake kila wiki, akampa Franzbrötchen yake moja ya siku zote, kile kimkate kitamu cha mdalasini. Akasema hapana, leo mbili, "meine Freundin", yaani mpenzi wangu, naye anapenda. Mama akaniangalia, akanisogezea kubwa zaidi, akasema Moin.